Tubishane Bila Kutengana

Ziko nyumba nyingi katika miji yetu ambamo mume husali Jumamosi na mke husali Jumapili. Mume ni Msabato, mke ni Mluteri. Walipooana kila mmoja alibaki na kanisa lake, nao wakadhani jambo limekwisha. Kumbe ndiyo kwanza linaanza. Ijumaa jua likichwa, mume hutaka kazi zote zisimame. Mke naye amerudi kiwandani akiwa na rundo la nguo za watoto, na Jumamosi ndiyo siku pekee aliyo na nafasi ya kufua. Mtoto akiuliza siku ya Mungu ni ipi, Biblia mbili hufunguliwa mezani, sauti zikapanda, na chakula kikapoa.

Leo tuzungumzie mabishano ya namna hiyo. Sitaamua nani amesema kweli, kwani hiyo ni kazi ya wachungaji na ya dhamiri ya kila mmoja. Ninalotaka tulitazame ni hili: je, watu wanaokisoma kitabu kimoja wanaweza kutofautiana juu ya maana yake, na bado wakaheshimiana?

Kwanza tukubali kwamba kila upande una hoja. Msabato husema kuwa Mungu alipumzika siku ya saba baada ya kuumba, akaitakasa, na amri yake haikufutwa popote. Mwenzake hujibu kuwa Yesu alifufuka siku ya kwanza ya juma, na kwamba kitabu cha Matendo ya Mitume kinawaonyesha waumini wa Troa wakikutana siku hiyo kuumega mkate. Msabato atarudi na kusema kuwa mkutano ule ulikuwa wa kumuaga Paulo, wala haukuanzisha sheria. Hakuna mjinga hapo, wala mwenye nia mbaya.

Hata lugha yetu haiwezi kutuamulia. Kiswahili huanza kuhesabu siku baada ya Ijumaa, siku ya sala ya Waislamu. Hivyo Jumamosi kwetu ni siku ya mosi, na Jumapili ni ya pili. Agano Jipya hufuata hesabu ya Kiyahudi, ambayo kwayo Jumamosi ni ya saba. Zaidi ya hayo, amri ya kuitakasa siku ya Bwana ni ya tatu katika hesabu ya Wakatoliki na Waluteri, lakini ni ya nne kwa Waanglikana na Wasabato. Maneno ni yale yale, ila yamegawanywa kwa namna mbalimbali. Basi mtu akisema, "Mimi nafuata Biblia tu, wewe wafuata mawazo yako," hajatenda haki. Wote wawili wanaifuata Biblia, na wote wawili wanaifasiri. Maandiko ni jambo moja, na jinsi ninavyoyaelewa ni jambo jingine.

Historia inatufundisha gharama ya kusahau tofauti hiyo. Mwezi wa Oktoba 1529 Martin Luther na Huldrych Zwingli walikutana katika ngome ya Marburg, nchini Ujerumani. Walitakiwa kuafikiana juu ya mambo 15 ya imani, nao wakakubaliana 14. La mwisho lilihusu Meza ya Bwana, na hata hilo walikubaliana kwa sehemu. Wakakwama juu ya maana ya maneno ya Yesu alipoushika mkate: Luther akisema mwili wa Kristo upo hapo kweli, Zwingli akisema mkate ni ishara yake. Zwingli alitaka waagane kama ndugu, lakini Luther alikataa kumpa mkono wa ushirika. Miaka miwili baadaye Zwingli aliuawa vitani, na wawili hao hawakupatana tena hapa duniani. Ilipofika 1973, ndipo makanisa ya Kiluteri na ya Kireformati ya Ulaya yalipokubaliana huko Leuenberg, Uswisi, kushiriki meza moja. Ilichukua miaka 444 kuutoa mkono uliokataliwa siku moja.

Sasa tazama mfano wa pili. John Wesley na George Whitefield, wahubiri wa Kiingereza, walikuwa marafiki tangu walipokuwa Oxford. Mwaka 1739 Whitefield ndiye aliyemwita Wesley aje Bristol kuhubiri nje, mbele ya wachimba makaa na maskini wengine. Mwaka huo huo wakaanza kutofautiana. Whitefield aliamini kuwa Mungu amewachagua tangu awali wale watakaookolewa. Wesley aliamini kuwa neema imetolewa kwa watu wote, na mtu aweza kuipokea au kuikataa. Wesley alitoa hotuba yake chapani, Whitefield naye akachapisha barua ya kumjibu, na wafuasi wakagawanyika. Hata hivyo, baada ya muda urafiki wao ulirudi, ingawa hakuna aliyebadili fundisho lake. Whitefield alipofariki Marekani mwezi wa Septemba 1770, wasimamizi wa wosia wake walimwomba Wesley ahubiri ibada ya kumkumbuka mjini London. Wesley alihubiri, akamsifu mwenzake kwa haki, wala hakulifufua lile shauri la zamani mbele ya wafiwa. Alisema tu kuwa yako mafundisho ambayo watu wa Mungu wametofautiana kwa muda mrefu, na kwamba katika hayo yawapasa kuvumiliana.

Ndugu msomaji, hapo pana somo kwa familia zetu. Wako ndugu wa tumbo moja ambao hawakuhudhuria arusi ya mwenzao kwa sababu ya kanisa. Wako waliosusa mazishi ya mzazi kwa kuwa mchungaji hakuwa wa kwao. Ubishi ulioanza juu ya aya moja huishia kwenye kaburi lisilo na mtoto wa kulitia udongo.

Tufanyeje basi? Kabla ya kumjibu mwenzako, ieleze hoja yake mpaka yeye mwenyewe aseme, "Naam, hivyo ndivyo ninavyoamini." Asiyeweza kufanya hivyo hajui bado anachokipinga. Msibishane mbele ya watoto kwa nia ya kuwapata. Mtoto akiuliza, aambiwe kwa upole kuwa baba anaamini hivi na mama vile, na kwamba wote wawili wanampenda Mungu. Na yale ya nyumbani yapangwe kwa kusaidiana: nguo zaweza kufuliwa Jumapili jioni, na mume anaweza kushika beseni.

Lakini upole una mpaka wake. Mtu akitumia aya kumzuia mtoto mgonjwa asipelekwe hospitali, au kuhalalisha kumpiga mkewe, hapo hatuna tena tofauti ya tafsiri ya kuvumiliana. Maisha ya mtu yamo hatarini, na hapana budi ndugu na majirani waingilie. Paulo aliyewaandikia Warumi kuwa kila mtu awe na hakika katika nia yake juu ya siku, ndiye aliyewaandikia, katika barua hiyo hiyo, kuwa upendo haumdhuru jirani. Siku zina nafasi ya kutofautiana, madhara hayana.

Waswahili husema vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Vikigongana, mwenye busara huvipanga vizuri, wala havitupi nje.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.