Ufunguo wa Pili Ukae Nje ya Simu

JICHO LA MLIMA, na Wambui Gachanja

Oktoba ni mwezi wa bonasi ya chai. Wakulima wa Chinga, Iriaini na Ragati huisubiri mwaka mzima, na matapeli wa simu wanaijua kalenda hiyo kama wanavyoijua wakulima wenyewe. Hawana haja ya kufika Othaya wala Karatina. Wanachotafuta ni laini yako, hata kwa dakika chache tu.

Tazama tulivyorundika maisha yetu juu ya laini hiyo moja. M-Pesa ilianza 2007, M-Shwari ikafuata 2012, Fuliza 2019. Siku hizi hata eCitizen hukutambua kwa nambari inayotumwa kwenye simu hiyo hiyo. Anayefaulu kubadilishiwa laini kwa jina lako amepata pesa zako, mikopo yako na utambulisho wako kwa mpigo mmoja. Kizuizi kinachobaki ni tarakimu nne, ambazo wazee wengi wa Tetu na Mukurweini humtajia mhudumu wa duka kwa sauti, kwa sababu macho yao hayaoni maandishi ya simu. Siwalaumu hata kidogo. Shosho amekabidhiwa mfumo uliobuniwa kwa ajili ya macho ya vijana, kisha anaambiwa kuwa usalama ni jukumu lake.

Ndiyo maana nataka tuwe na ufunguo wa pili, ulio nje ya simu: kadi ya kugusisha. Wengi mnayo tayari. Ni ile ya benki yenye alama ya vistari vinne vilivyopinda. Ndani yake mna chipu na waya mwembamba uliozungushwa, wala haina betri. Ukiisogeza nyuma ya simu yenye NFC (mawasiliano ya karibu bila waya), karibu sentimita nne hivi, simu yenyewe huipa chipu umeme. Chipu hukokotoa nambari mpya kwa kutumia siri iliyofungiwa ndani yake, na siri yenyewe haitoki. Nambari ya leo haifai kesho. Programu ya benki au ya Sacco inaweza kuzifunga data zako ndani ya simu hivi kwamba kadi isipogusishwa, hazisomeki. Mwizi atakayekupokonya simu stejini ataondoka na simu tu. Na yule aliyejibadilishia laini yako akiwa kaunti nyingine atakwama, kwa kuwa kadi iko mfukoni mwako.

Teknolojia hii si ngeni hapa Kenya. BebaPay, ya Google na benki ya Equity, iliingia kwenye matatu mwaka 2013 na kufungwa 2015. Safaricom nayo ikaijaribu M-Pesa 1Tap mjini Nakuru mwaka 2017. Zote mbili zilitaka tulipe haraka zaidi, jambo ambalo halikuwa likitusumbua sana. Kadi ya kulinda kile tulicho nacho ndiyo iliyokosekana, na hadi leo inakosekana.

Najua jibu la haraka litakuwa Maisha Card, kwa kuwa serikali imekwisha kuiwekea chipu. Hapo napinga kabisa. Mkenya huachia watu kitambulisho chake kila mara. Ukiingia jengo la ofisi Nairobi, askari wa langoni hukichukua na kukurudishia unapotoka. Vijijini huachwa dukani kuwa dhamana ya deni. Kadi inayolala kwenye droo ya mtu mwingine haifai kushika siri za simu yako. Isitoshe, tumeiona serikali ikikimbia mbele ya sheria: Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah aliamua kuwa kadi ya Huduma, iliyoitangulia Maisha Card, ilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa athari zake kwa data za wananchi hazikutathminiwa kwanza.

Mimi nataka kadi ya Sacco. Sacco za hapa Nyeri kama Taifa na Biashara zinamjua mwanachama wao, na akiipoteza kadi ana mlango wa ofisi wa kubisha. Mwenye simu ya kabambe isiyo na NFC asiachwe nyuma: kifaa cha kusoma kadi kiwekwe kwa ajenti, na laini isibadilishwe, nambari ya siri isibadilishwe, mkopo usitolewe, mpaka kadi igusishwe. Gharama ibebwe na kampuni zinazovuna ada kutoka kwetu kila siku.

Kadi nayo ina wezi wake. Mwaka 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ESET ilieleza kuhusu programu hasidi iliyoitwa NGate, iliyowalenga wateja wa benki za Jamhuri ya Cheki. Walishawishiwa kusakinisha programu bandia na kugusisha kadi zao, na data za kadi zikarushwa hadi kwa simu ya mwizi aliyesimama kwenye ATM. Kwa hiyo ukipigiwa simu ukaambiwa ugusishe kadi, kata simu hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba chipu zinatengenezwa hapa hapa Nyeri, katika kiwanda cha Semiconductors Technologies Limited kilicho ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Vijana wetu wanaijua kazi hiyo. Wazazi wao, nje ya lango la chuo, wanalindwa na tarakimu nne.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 41, inamtaka kila anayeshika data ajenge ulinzi tangu anapouunda mfumo wake. Basi katika mkutano mkuu wa Sacco yako, ukimaliza kuuliza gawio ni asilimia ngapi, uliza pia kadi ya kugusisha itakuja lini na itafunga nini. Wakati tunasubiri jibu, mwenye laini ya Safaricom apige *100*100# ili isibadilishwe na ajenti, na Jumapili baada ya kanisa amfungie mzazi wake vilevile.