Kliki za bei chini: nani anakula, nani anakimbia?

Vijana wenzetu wa Masisi na Walikale, ninyi mliobaki na ninyi mliokimbilia Goma,

Kuna biznesi inazunguka kati ya vijana wenye diploma bila kazi: fungua saiti ya habari, nunua wageni wa bei chini, weka matangazo ya Google, dola zitaingia zenyewe. Wengi wanatuuliza kama bado inalipa. Jibu letu ni hapana. Na pale inapolipa, ni mama zetu njo wanalipa bei yake.

Tufanye hesabu. Unanunua wageni 1000 kwa, tuseme, dola 1. Matangazo yakileta dola 2, umekula dola 1. Ndiyo ahadi yenyewe. Lakini wageni wa bei chini mara nyingi si watu: ni programu za kompyuta, ao watu wanaolipwa senti kidogo wabonyeze tu bila kusoma. Masharti ya Google yanakataza wageni wa namna hiyo. Ikiwatambua, inakata pesa ao inafunga akaunti. Yule aliyekuuzia wageni, yeye alisha kulipwa.

Tuseme umepita. Ukifika dola 10, Google inatuma namba ya uhakikisho kwa barua ya posta. Nani kati yetu amekwisha kupokea barua ya posta Masisi ao Walikale? Na hakuna kulipwa mbele ya kufika dola 100. Halafu pesa inapita benki, na mabenki ya Goma yalifunga milango wakati M23 ilipoingia mji, mwisho wa mwezi wa kwanza 2025.

Njo maana wengine wanabadilisha mbinu. Wanaacha kununua wageni, wanavuta watu wa kweli kwa njia ya woga: "Mji umeanguka!" "Wote wamekimbia!" Mwaka 2016, vijana wa Veles, kule Macedonia, walipata dola kwa kuandika uongo juu ya uchaguzi wa Marekani. Nao pia kazi haikukuwa. Lakini uongo wao ulienda mbali na nyumba zao. Wetu unaanguka kwenye mlango wetu.

Tukumbuke Walikale-centre mwaka 2025. M23 iliingia tarehe 19 mwezi wa tatu. Tarehe 22 ilitangaza kwamba itatoka. Ilitoka mwanzo wa mwezi wa nne. Siku zile zote, mama aliye porini na watoto alikuwa na swali moja: turudi ao tusirudi? Mtu akiandika "wametoka" juu ya kutafuta kliki, yeye anapata senti. Yule mama anaweza kukutana na bunduki njiani.

Njaa ya kazi tunaijua, tuko ndani yake. Koltani ya Rubaya inaingia katika telefone za dunia nzima, na mchimbaji anabaki maskini. Tusikubali woga wa watu wetu nao uchimbwe vile vile: faida iende mbali, sisi tubakie na mashimo.

Kwa hiyo tunasema:

Wewe mwenye saiti: andika kitu mtu anaweza kutumia. Barabara ya Sake iko wazi? Bei ya maharagi ni ngapi leo? Pesa itakuja polepole, lakini msomaji atarudi.

Wewe unayepokea habari: usiitume mbele ya kupigia simu mtu aliye pale.

Ninyi viongozi: Sheria ya Numeriki ya mwaka 2023 inaazibu habari za uongo. Sawa. Lakini kumtisha kijana bila kumpa kazi hakutazima moto huu.

Tunataka kazi ya kweli na habari ya kweli. Maisha ya watu wa Masisi na Walikale hayauzwe kwa kliki.