Watoto wa Pipeline wanahitaji jua

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto Embakasi, Nairobi. Mara kwa mara napokea mtoto wa mwaka na nusu ambaye bado hajasimama: vifundo vya mikono vimevimba, utosi haujafunga, miguu imeanza kupinda. Majirani husema amerogwa, au mama ni mzembe. La hasha! Hayo ni matege, na chanzo chake kikubwa ni upungufu wa vitamini D. Bila vitamini hiyo mwili haufyonzi kalsiamu ya kutosha kujenga mifupa.

Maziwa ya mama ni bora, lakini yana vitamini D kidogo mno. Nyingi hutengenezwa na ngozi ikipigwa na jua. Sasa tazama maghorofa ya mtaa wa Pipeline, hapa Embakasi, yalivyobanana, hata mchana taa huwashwa. Mama akienda kibaruani, mtoto hushinda chumbani kwa mlezi. Jua la dirishani halimfai, kwani kioo huzuia miale inayohitajika.

Kaunti isimamie nafasi kati ya majengo. Walezi wawatoe watoto nje kila siku. Na kliniki zitoe bure matone ya vitamini D, yuniti 400 kwa siku kwa kila mtoto mchanga, kama tunavyotoa chanjo. Kuikinga mifupa ni rahisi kuliko kuinyosha.