Siku Kumi Mu Bruxelles: Jibu kwa Baba wa Kipushi



Mwezi uliopita tulipokea barua ya baba mumoja wa Kipushi. Jina lake tunaliacha. Alifanya kazi chini ya udongo miaka makumi mbili na mbili, mu ile mugodi iliyoitwa zamani Prince Léopold, mpaka ilipofungwa mwaka wa 1993. Binti yake anaishi Bruxelles, anafanya kazi ya kutunza wazee. Amechanga feza miaka mitatu, na sasa anamwita baba yake aende kutembea siku kumi, mwezi wa sita. Pamoja na habari hiyo njema alituma karatasi ya programu. Baba anaandika: "Muzee, soma hii karatasi uniambie. Siku ya kwanza Atomium, ya pili Paris, ya tatu Amsterdam, ya ine Bruges na bahari, ya tano Luxembourg. Mimi magoti inauma. Lakini sitaki mutoto asikie mubaya. Nifanye namna gani?"

Papa, nakujibu mbele ya wote, ju jamaa nyingi za Likasi, Kolwezi na Lubumbashi ziko na mutoto Ulaya, na siku moja karatasi kama hiyo itafika kwao pia.

Kwanza nikuambie kosa langu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipoenda Bruxelles, mutoto wa dada yangu alinipeleka kila siku mu muji mwingine. Tulitoka asubuhi na mapema, tukarudi usiku, viatu vyote vimejaa mvua. Siku ya mwisho ilikuwa siku ya kwanza ya juma, lundi, tukaenda Tervuren kuangalia muze ya Afrika. Tukakuta mulango umefungwa. Kumbe kila lundi haifunguliwi! Nilisimama pale mbele ya jengo kubwa, nikaliangalia sawa mutu anayeangalia mukate kupitia dirisha. Kesho yake ndege. Niliporudi, majirani wakaniuliza: "Uliona nini kule?" Nikafikiri sana. Niliona madirisha ya treni.

Miaka sita kisha nikarudi mara ya pili. Maneno ninayokupa leo yanatoka mu safari ile ya pili.

Tuanze na karatasi, ju bila hizo tunaota tu. Viza ya Schengen ya kutembea inakupa mwisho siku 90 mu kila siku 180. Unaweza kuiomba miezi sita mbele ya safari, na haifai kuomba ikibaki chini ya siku 15. Lakini, Papa, usingoje. Jibu linatoka kwa kawaida mu siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Paspoti yako iendelee kuwa nzuri miezi mitatu kisha siku ya kutoka Ulaya. Asiransi ya magonjwa ilipe mpaka euro 30 000. Tangu mwezi wa sita 2024 viza yenyewe ni euro 90, na wakikataa hawarudishi. Binti yako aende ku komini yake kusaini ile barua ya kuahidi kwamba atakutunza. Na usisahau karatasi ya manjano ya sindano ya homa ya manjano: Ulaya hawataiomba sana, lakini hapa kwetu, ukirudi, watakuomba.

Sasa programu. Amsterdam, Luxembourg na Paris, futa. Najua Paris inauma kufuta. Treni ya mbio inafika mu saa moja na nusu hivi, na binti yako anataka picha yako chini ya ule munara. Lakini kwenda na kurudi, kusimama mu musitari, kutembea juu ya mawe, ni siku nzima ya magoti, na kesho yake ni siku ya kulala. Uko na siku kumi. Toa ya kufika na ya kurudi, zinabaki nane. Ukitoka Luano na kubadilisha ndege njiani, siku ya kwanza wewe si mutu, uko muzigo. Kaa kwa binti, kula, lala. Mwezi wa sita jua inazama karibu saa 22, usidanganyike kwamba ungali mchana.

Muji wenyewe uupe siku mbili, polepole. Anzia Grand-Place. Ni uwanja wenye nyumba za zamani zenye dhahabu ku vichwa, na munara wa nyumba ya muji unapita metre 90. Utafikiri zimekaa hivyo tangu Adamu. Hapana: mwaka wa 1695 majeshi ya Ufaransa walipiga muji kwa mizinga, uwanja karibu wote ukaungua, na watu wa kazi, wenye mikate, wenye pombe, wenye mashua, wakajenga tena mu miaka michache, kila chama nyumba yake. Keti tu pale. Karibu na hapo watakuonyesha Manneken-Pis, mutoto wa shaba nyekundu iliyochanganywa, anayekojoa mbele ya watu. Wageni wanatoka Japani kumwona. Anapita kidogo nusu ya metre! Cheka, endelea.

Atomium, ndiyo, nenda, lakini asubuhi, ju kisha saa tano musitari unakuwa murefu. Ni mipira tisa mikubwa iliyojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1958, na urefu wake ni metre 102. Watu wa kwetu wengi wanasema eti ni mufano wa shaba au wa uranium ya Shinkolobwe. Si kweli. Ni mufano wa chuma, uliokuzwa mara miliari 165. Lifti inakufikisha juu. Lakini kupita toka mupira mumoja mpaka mwingine kuna ngazi, mwambie binti akuache upumzike. Waterloo, pale Napoleon aliposhindwa tarehe 18 mwezi wa sita 1815, iko karibu sana na Bruxelles, lakini kupanda kile kilima chenye simba ni ngazi 226. Acha vijana wapande.

Jioni moja nenda Matonge, kule Ixelles, karibu na Porte de Namur. Jina limetoka Kinshasa. Utakuta sombe, makayabu, wasusi wa nywele, na makelele ya kwetu. Hapo karibu, tangu tarehe 30 mwezi wa sita 2018, kuna uwanja mudogo unaoitwa Patrice Lumumba. Ni mudogo kweli, unaweza kuupita bila kujua. Lakini wewe, uliyekulia hapa Katanga ambapo alikufa tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, simama kidogo. Lile jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, lilirudishwa kwa jamaa yake mu Bruxelles mwezi wa sita 2022.

Kisha, Papa, kuna siku mbili ambazo usikubali zifutwe.

Ya kwanza ni Tervuren. Si lundi! Anzia ku ile arche kubwa ya Cinquantenaire, iliyomalizika mwaka wa 1905. Leopold wa Pili aliijenga wakati Congo ilikuwa mali yake mwenyewe, na feza ya kwetu imo. Kisha nenda Montgomery, panda tramu namba 44. Inapita mu pori ya miti mikubwa sana, kivuli kitupu, mpaka Tervuren. Peke yake ile tramu inastahili siku.

Muze ilifungwa tangu 2013 kwa kutengenezwa, ikafunguliwa tena mwezi wa kumi na mbili 2018. Zamani ilisifu sana wakoloni. Sasa inajaribu kusema mengine, lakini sanamu za zamani zimebaki ku kuta, huwezi kubomoa zote. Utaona mawe ya kwetu, malakiti ya kijani uliyoikanyaga ukiwa mutoto, sasa iko nyuma ya kioo na taa. Mu chumba kikubwa cha mviringo kuna kazi mbili za Aimé Mpane, fundi wa kwetu. Moja ni kichwa cha Lusinga, mufalme wa Watabwa upande wa Moba. Mwaka wa 1884 watu wa Émile Storms, mwanajeshi wa Ubelgiji, walimuua, wakamukata kichwa, na fuvu likapelekwa Ulaya. Mimi nilisoma historia miaka mingi mu shule za kampuni, na hili jina sikulifundisha hata siku moja, ju halikuwa mu kitabu.

Ukitoka, usirudi mara moja ku tramu. Uliza kanisa la Mutakatifu Yoane, si mbali. Mwaka wa 1897 walileta Wakongo 267 kwa maonyesho, wakawaweka mu vijiji vya uongo kando ya maji, na watu zaidi ya miliyo moja walikuja kuwaangalia. Baridi na mvua ya mwaka ule ziliua saba. Makaburi yao yako kando ya kanisa, yamefuatana, na majina: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Nilipofika hapo nilitamka majina kwa sauti, moja moja. Bibi mumoja muzungu aliyepita na mbwa yake akasimama mpaka nikamaliza.

Siku ya pili ni ya Marcinelle. Haiko mu karatasi ya binti yako, na simulaumu, Wabelgiji wengine wenyewe hawajafika. Unatoka Bruxelles-Midi na treni mpaka Charleroi, saa moja hivi, kisha basi au taksi. Pale kuna mugodi wa zamani wa makala ya mawe, Bois du Cazier. Tangu 2012 UNESCO imeuandika pamoja na migodi mingine mitatu ya upande huo. Ukikaribia utaona ile minara ya chuma yenye magurudumu juu. Hautahitaji mutu akuambie ni nini.

Tarehe 8 mwezi wa nane 1956, asubuhi, watu 275 walikuwa chini. Ku metre 975, wagoni ilisukumwa mubaya ndani ya kaji, ikabaki nusu inje. Kati ya aliyekuwa chini na aliyekuwa juu, maneno hayakusikilizana, na kaji ikaondoka. Wagoni ikagonga boriti, ikakata nyaya za umeme na bomba la mafuta. Moto. Moshi ukapita mu njia zote kufuata hewa. Wewe, Papa, unaelewa hayo kuliko mwandishi wa gazeti. Walikufa 262. Katika hao, 136 walikuwa Waitaliano, ju mwaka wa 1946 Italia na Ubelgiji walifanya mapatano: Italia itoe watu elfu 50, Ubelgiji iwauzie makala. Wengi walipofika walilazwa mu kambi za mabati zilizokuwa za wafungwa wa vita. Kumbe na wazungu nao waliandikwa kazi namna ile.

Wake na watoto walikaa wakishika chuma za mulango mukubwa siku nyingi, wakingoja. Ule mulango ungali pale. Ndani kuna chumba chenye sura za wafu wote.

Ju ya nini ninakusukuma huko, mutu wa konje, kwenda kuangalia vifo? Fikiri kidogo. Binti yako alikuwa mudogo ulipokuwa unashuka. Alijua tu baba anaondoka, na baba anarudi akiwa amenawa. Hakuona kaji, hakusikia kengele, hajui giza la chini namna gani. Siku zote tisa yeye atakuongoza: tike yeye, njia yeye, kifaransa cha haraka yeye, na wewe utafuata sawa mutoto. Marcinelle ni wewe utasema: hii ni taa, hii ni kamba, hapa tuliingia ine ine, kengele moja maana yake hii. Mimi nilienda pale na mutoto wa dada yangu, na sikuwa na la kumuambia, ju mimi ni mutu wa chaki. Akaniuliza, "Yaya, kule Kipushi kulikuwa hivi?" Nikanyamaza. Wewe hautanyamaza.

Siku zinazobaki usizijaze. Bruges kama miguu inakubali, saa moja na treni, maji mazuri na madaraja. Kama haikubali, keti ku balkoni ya binti na umuulize habari ya kazi yake. Anatunza wazee wa watu wengine kila siku.

Sasa namna ya kumuambia bila kumuumiza. Usiseme "programu yako ni mubaya." Sema: "Mama, nimeona umechanga feza sana. Nipe mimi siku mbili tu nizichague, zingine fanya unavyotaka." Kisha mutaje Tervuren na Marcinelle. Magoti uyataje mwisho, au uyaache, atayaona mwenyewe ku ngazi ya uwanja wa ndege.

Chukua koti, hata kama ni mwezi wa sita. Na mwandikie juma hili, mbele hajalipa tike za Amsterdam.