Herufi Zilizohama

Mwezi uliopita tulipatwa na msukosuko ambao twaona yafaa tuusimulie, kwani nyumba nyingi siku hizi zina kompyuta, na kompyuta hufika siku yake ikafutwa na kutiwa mfumo mpya. Jambo ambalo mafundi huliita "kupiga Windows".

Katika kompyuta ya madrasa yetu mna daftari la ada za watoto na hesabu ya fedha za mayatima: nani ametoa, nani amepewa, nani angali anadai. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana madeni. Basi nasi twaandika. Mna diski tatu ndani yake. Windows imo katika C, daftari lilikuwa katika D, na nakala ya daftari katika E. C ilipoharibika, fundi aliifuta hiyo peke yake, zile mbili asiziguse.

Kompyuta ilipowaka tukafungua D. Daftari tuliliona, lakini limekomea mwezi wa Shaabani. Michango yote ya Ramadhani haimo, wala Zaka ya Fitri. Hatutaficha kwamba tulimdhania vibaya yule fundi, na maneno tuliyoyasema nyuma yake hayakuwa mazuri. Kijana wetu mmoja akasema, tuendeshe upesi ile programu ya kunakili, ili walau hiki kilichobaki tukihifadhi. Programu hiyo kazi yake ni kuifanya E ifanane na D kwa kila hali. Kisichokuwamo katika D hukifuta katika E. Kidole kilikuwa juu ya kitufe mwenzake aliposema, "Maalim, kwanza tutazame E mna nini." Tukatazama. Daftari kamili, pamoja na Ramadhani yote, lilikuwa humo.

Herufi zilikuwa zimebadilishana. Iliyokuwa D imekuwa E, na iliyokuwa E imekuwa D. Nakala ilikuwa ya zamani kwa kuwa kompyuta ilianza kuugua tangu Shaabani, na kunakili kukasimama. Lau tungaliiendesha programu ile, nakala ya zamani ingaliliangamiza daftari jipya, nasi tungalimlaumu fundi mpaka leo.

Mtu asidhani kuwa herufi imeandikwa juu ya diski yenyewe. Windows huwa na orodha yake, iliyo katika sehemu ile ile Windows ilimokaa, inayosema kuwa diski yenye alama fulani iitwe D, na yenye alama fulani iitwe E. C ikifutwa, orodha nayo hufutika. Windows mpya ni kama mwalimu mgeni aliyeingia darasani asimjue mtoto hata mmoja, akawapa namba kwa jinsi alivyowakuta wamekaa. Watoto ni wale wale na vilivyomo vichwani mwao ni vile vile. Namba tu ndizo zilizohama.

Vijana hutuuliza kwa nini herufi zaanza kwa C. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 haikutoka na diski ngumu. Ilitumia disketi, nazo ndizo zilizoitwa A na B. Mwaka 1983 kampuni hiyo ilitoa kompyuta ya XT yenye diski ngumu, ikapewa herufi iliyofuata. Disketi zimekwisha, desturi imebaki.

Sasa, anayetaka kupiga Windows na azipe kwanza diski zake majina. Afungue dirisha la diski, abonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, achague Rename, aandike kwa mfano DAFTARI, na nyingine NAKALA. Jina, kinyume cha herufi, huandikwa katika diski yenyewe, wala halipotei C inapofutwa. Kisha aandike karatasini herufi, jina na ukubwa wa kila diski, na achomoe flashi zote isipokuwa ile ya kuwekea Windows. Haya ni muhimu, kwa sababu Windows inapowekwa, kioo hakimwonyeshi D wala E. Humwonyesha namba na ukubwa, huanzia diski 0. Ajuaye herufi peke yake atabahatisha, na hapo ndipo picha za arusi za watu hufutwa.

Kazi ikiisha, asinakili kitu kwanza. Abonyeze alama ya Windows kwa kitufe kile cha kulia, achague Disk Management, abonyeze vivyo hivyo juu ya diski iliyohama, kisha achague Change Drive Letter and Paths. Herufi mbili hazibadilishwi kwa mara moja, kwani D haitolewi maadamu ina mwenyewe. Sisi tuliipa NAKALA herufi T kwa muda, tukaipa DAFTARI D yake, kisha NAKALA ikarudi E. Ile C ya Windows haikubali kubadilishwa, wala hapana haja. Kompyuta itaonya kuwa programu nyingine hutegemea herufi. Kwa hiyo ni bora herufi zirudishwe kabla ya kuweka programu zote. Na ikiuliza kama diski ifomatiwe, jibu ni hapana, mpaka aje ajuaye.

Fundi tumemwendea nyumbani kwake tukamtaka radhi. Alicheka, akatuuliza kwa nini hatukumpigia simu siku ile ile. Hatukuwa na jawabu.