Kura Hulindwa Kituoni

Wananchi wenzetu, wengi hudhani kwamba kazi ya mpiga kura humalizika karatasi inapotumbukia sandukuni. Sivyo. Mwaka 1988, katika uteuzi wa KANU, watu walipanga milolongo mchana peupe nyuma ya wagombea wao, na bado kwingine mlolongo mfupi ukatangazwa mshindi. Umati ulishuhudia, lakini haukuwa na karatasi mkononi.

Leo kura ni ya siri na karatasi ipo. Kura za urais huhesabiwa pale pale kituoni, matokeo huandikwa katika Fomu 34A, na nakala hubandikwa mlangoni. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo hayo ni ya mwisho. Afisa aliye Nairobi hana ruhusa ya kuyabadilisha. Mwaka 2022 Tume ya Uchaguzi iliziweka fomu hizo mtandaoni, hata mwananchi wa kawaida akaweza kujumlisha mwenyewe.

Basi isomeni fomu ya mlangoni, mnakili tarakimu zake na kuzilinganisha na zitakazotangazwa. Nao mawakala (tunawasihi hasa hawa, wasiondoke mapema) wajue kwamba kanuni huwaruhusu kudai kura zihesabiwe upya hadi mara mbili. Asiyeridhika aandike sababu zake, kwani kukataa tu kutia sahihi hakubatilishi matokeo.