Kazi za Mikono: Mizinga Kumi ya Königsberg

Miongoni mwa kazi za mikono zifaazo kufanywa mezani jioni, baada ya vyombo kuoshwa na watoto kumaliza masomo yao, imo kazi ya kuunda manowari ndogo za mfano. Humfaa hasa mtu aliyezoea kusafisha bunduki, kwani yataka macho yale yale na tabia ile ile ya kutoinuka kitini mpaka kila kipande kimerudi mahali pake.

Aianzaye kazi hii hujifunza upesi kwamba mwili wa meli haumpi taabu kubwa. Taabu imo katika mizinga. Vipande vya namna hii aghalabu hutengenezwa kwa resini, yaani utomvu wa viwandani unaomiminwa katika kalibu ya mpira ungali majimaji, kisha hukauka ukawa mgumu kama pembe. Hewa ikinaswa ndani ya kalibu, kipande hutoka na vitundu. Kikitolewa kabla hakijakomaa, hupinda. Na hata kikitoka kizima, safari ya posta yaweza kukivunja, kwa kuwa resini nyembamba haina uvumilivu wa plastiki ya kawaida. Basi mtu aliyengojea sanduku lake kwa miezi miwili hulifungua akakuta mizinga imelegea kama mishumaa iliyoachwa juani.

Achukuliwe kwa mfano fundi anayeunda Königsberg, ile manowari ya Kijerumani iliyozama katika mto Rufiji. Meli yenyewe ilikuwa na urefu wa meta 115; kwa kipimo cha 1 kwa 350 huwa sentimeta 33, urefu wa kuenea juu ya kabati. Ilikuwa na mizinga mikubwa 10 ya upana wa sentimeta 10.5: miwili mbele ubavu kwa ubavu, mitatu kila upande katikati, na miwili nyuma. Mtutu wake ulikuwa na urefu wa mara 40 ya upana wa tundu, yaani meta 4 na sentimeta 20. Mezani mtutu huo ni milimeta 12 tu, na tundu lake ni sehemu 3 za milimeta iliyogawanywa mara 10. Kwa kipimo kidogo zaidi, cha 1 kwa 700, kila hesabu hiyo igawanywe tena mara mbili.

Kabla ya jambo lolote vipande vioshwe. Kalibu hupakwa mafuta ili resini isigande nayo, na mafuta hayo yakibaki, rangi itabanduka kama ngozi ya nyoka. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki mzee vyatosha. Kazi hiyo ifanyike ndani ya bakuli, wala si chini ya bomba, maana mzinga wa milimeta 12 ukishaingia katika mfereji haurudi.

Mtutu uliopinda hauvunjwi wala haukatwi. Maji yachemshwe, yaepuliwe, kisha kipande kishikwe kwa kibano na kuzamishwa kwa muda wa nusu dakika. Resini italainika. Hapo kilazwe juu ya kipande cha kioo, kinyoshwe kwa ncha ya kidole, halafu kitiwe katika maji baridi papo hapo ili kishike umbo lake. Mara ya kwanza huenda kisinyooke sawasawa, kirudiwe. Fundi ajue pia kwamba resini hukumbuka ilikotoka: mtutu ulionyoshwa ukiachwa dirishani juani, au katika chumba cha bati adhuhuri, waweza kuinama tena. Kabati la kuonyeshea meli lisielekee jua.

Vitundu vya hewa vidogo huchokolewa kwanza kwa sindano mpaka viwe wazi, maana gundi iliyowekwa juu ya tundu lililojificha huacha pengo chini yake. Gundi ya plastiki ya kawaida haifai kabisa hapa, kwa sababu hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki, na resini haiyeyuki nayo. Itumike ile gundi kali ya kukauka mara moja, tone dogo kwa ncha ya kijiti cha meno. Penye shimo kubwa, magadi soda kidogo kutoka jikoni yajazwe ndani kisha yadondoshewe gundi hiyo. Yataganda papo hapo yawe kama jiwe. Mama mwenye nyumba aombwe kwanza.

Hapa lazima lisemwe neno juu ya vumbi. Kipande kitokapo kiwandani huwa kimeshikamana na kishina cha resini kilichoganda penye mlango wa kalibu, na kishina hicho hukatwa kwa msumeno mwembamba na kusuguliwa kwa msasa. Vumbi lake ni laini mno, lina madhara kwa mapafu, na katika nyumba ya chumba kimoja au viwili halimtafuti fundi peke yake. Msasa uloweshwe maji wakati wote, ili vumbi liwe tope. Mdomo na pua vifunikwe kwa barakoa. Na meza ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe. Mwenye mtoto mchanga chumbani akafanyie kazi hiyo nje. Hakuna manowari inayostahili kikohozi cha mtoto.

Mtutu uliovunjika vipande viwili waweza kuungwa kwa gundi, lakini kiungo chake huwa dhaifu na mara nyingi hukaa kombo. Afadhali utupwe, utengenezwe mwingine wa chuma. Waya wa shaba hufaa, uzi wa gitaa hufaa zaidi kwa kuwa haupindi ovyo, na sindano ya hospitali hushinda vyote kwa sababu tayari ina tundu. Iwe mpya ya dukani. Sindano iliyokwisha kutumika isiletwe nyumbani kwa hali yoyote. Ncha yake iondolewe kabla ya kazi kuanza. Isikatwe kwa koleo, kwani koleo huibana tundu likaziba; iviringishwe chini ya tupa hadi ikatike yenyewe. Mzinga halisi huwa mnene nyuma na mwembamba mdomoni, basi sindano nyembamba ikichomekwa ndani ya nyingine nene kidogo, unene huo hupatikana bila taabu. Nyuma, katika kitako cha resini, hutobolewa shimo la kushikia, na mtutu mpya huingizwa humo kwa tone moja la gundi.

Kutoboa mdomo wa mtutu wa resini ni kazi ya mkono mtulivu. Kwanza ncha ya sindano ichomwe katikati kabisa, iwe alama. Kisha kekee ndogo ya mkono yenye jino la milimeta 0.3 izungushwe polepole, bila kusukuma. Jino likienda kando, tundu lizibwe kwa gundi na kazi ianzwe upya kesho yake, hasira ikiisha. Kwa kipimo cha 1 kwa 700 usumbufu huu hauna maana: nukta ya rangi nyeusi yatosha, na asemaye kinyume ajaribu mwenyewe.

Iliyobaki ni kinga ya chuma iliyowakinga wanamizinga. Ile ya Königsberg ilikuwa na unene wa sentimeta 5, ambao mezani ni chini ya sehemu 2 za milimeta iliyogawanywa mara 10. Resini haiwezi kumiminwa nyembamba hivyo, kwa hiyo kinga zitokazo kiwandani huonekana nene kama ukuta wa boma. Zaweza kusuguliwa kwa ndani mpaka mwanga upenye. Lakini bati la kopo la soda, ambalo unene wake ni karibu sehemu 1 ya milimeta iliyogawanywa mara 10, hukatika kwa mkasi na hukaribia zaidi kipimo cha kweli. Zikatwe zote 10 siku moja kwa kielelezo kimoja cha karatasi. Kinga 9 zilizofanana na 1 iliyopotoka huonekana vibaya kuliko 10 zilizokosewa sawasawa.

Mwenye kusumbuka hivi kwa vipande vidogo kama punje ya mchele afaidika akijua vilikuwa nini. Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914, chini ya nahodha Max Looff. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba mwaka ule iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga Unguja, mitambo yake ikitengenezwa, ikaipiga kutoka mahali ambapo mizinga ya Pegasus haikuweza kufika. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na makaburi yao yako katika kisiwa kidogo mbele ya mji. Kisha Königsberg ikajificha katika delta ya Rufiji mpaka tarehe 11 Julai 1915, ambapo manowari mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, ziliipiga kwa kuongozwa na ndege, na Looff akaamuru wenyewe waizamishe.

Mizinga yote 10 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam na kuundiwa magurudumu. Tangu hapo ilipigana nchi kavu, ikivutwa kwa kamba na mamia ya wapagazi Waafrika katika matope, milima na misitu. Mmoja upo Mombasa, Fort Jesus, na mwingine Pretoria. Majina ya waliovuta hayakuandikwa juu yake.

Mmojawapo wa mizinga hiyo ulipelekwa Kigoma, ukafungwa juu ya meli Goetzen, iliyoletwa kutoka Ujerumani katika masanduku na kushushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Hiyo ndiyo meli iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kwa kipimo cha 1 kwa 350 ina urefu wa sentimeta 20, na fundi aliyebakiwa na mzinga mmoja baada ya kumaliza Königsberg atapata mahali pa kuuweka. Aangalie tu ameiunda Goetzen ya mwezi gani. Kabla ya kuzamishwa kwake, jeshi la nchi kavu lilikwisha kuuchukua mzinga wa kweli, na pale sitahani ukawekwa wa bandia ili kuwahadaa Wabelgiji. Kwa meli ya wakati huo, ule mtutu ulioharibika, usio na tundu, utafaa kama ulivyo.